Asubuhi Tope, Mchana Waya

Kosa la kwanza hufanywa na mguu. Mtu aliyezoea bodaboda, akihisi chombo kinayumba, mguu hushuka wenyewe kuitafuta ardhi. Kwenye pikipiki ya matairi manne, ile ambayo vijana huiita kwadi, mguu ukishuka tu tairi la nyuma linaukuta pale pale na kuupanda. Kijana aliyekuwa akitufundisha, Mkreoli mwembamba mwenye mabuti ya mvua yaliyomfika magotini, alilirudia onyo hilo kwa lugha tatu, Kikreoli, Kifaransa na Kiingereza, huku akimkazia macho kila mmoja wetu. Nilimwitikia kwa zote tatu. Dakika kumi baadaye, kwenye kona ya kwanza yenye utelezi, mguu wangu wa kushoto ulikuwa chini.

Sikuumia. Tope lilikuwa laini na zito kama uji wa ulezi. Liliking'ang'ania kiatu, mimi nikasonga mbele na soksi. Mpwa wangu, aliyekuwa nyuma yangu, alisimama, akakichomoa kile kiatu kwa mikono miwili, akanifuata nacho akikipunga juu.

"Mjomba, kiatu chako kimeomba uraia wa Morisi!"

Hiyo ilikuwa Julai, katika vilima vya Savanne, kusini kabisa mwa kisiwa cha Morisi. Safari ilikuwa ya binti huyo, zawadi aliyoahidiwa akimaliza chuo, na mimi nilikuwa mlipaji na msindikizaji. Yeye ndiye aliyepanga kila kitu. Nilipomwambia kwamba watu huenda Morisi kwa fungate, wakalala ufukweni siku tano na kurudi wameungua mabega, alinijibu kwamba hana mchumba na mimi nina mke Tanga, kwa hiyo sote wawili hatuna shughuli na fungate. Akafungua simu yake akanionyesha picha mbili: mtu aliyetapakaa tope mpaka kwenye kope, na mtu huyo huyo akining'inia kwenye waya juu ya korongo. "Siku moja," akasema. "Yote mawili siku moja."

Nilikubali kwa shingo upande. Sasa naisifu siku ile kuliko yeye.

Kwanza tuelewane kuhusu kisiwa chenyewe. Morisi kinaizidi Unguja kwa eneo kidogo tu. Urefu wake ni kama kilomita 65, na upana 45. Lakini Unguja ni kisiwa cha matumbawe, tambarare, ambacho unaweza kukivuka na baiskeli bila kushuka. Nimepanda kwadi Zanzibar pia, na raha ipo: vumbi jeupe, minazi, watoto wa kijijini wanaokimbia nawe wakipiga kelele. Morisi ni kitu kingine. Ni volkano iliyotoka baharini mamilioni ya miaka iliyopita, ikazimika, mvua zikaitafuna mpaka yakabaki magego ya mwamba mweusi, makorongo na maporomoko. Kilele cha juu kabisa kina mita 828 tu, ambazo kwa mtu aliyewahi kuiona Kilimanjaro ni kichuguu. Ila zile mita 828 zimebanwa katika kisiwa kidogo kiasi kwamba kila kilima kinasimama wima, na bahari haiwi mbali na jicho lako. Ardhi ya namna hiyo inamfaa mtu anayetaka kuchafuka asubuhi na kuruka mchana.

Halafu si mbali nasi. Kutoka Nairobi ni kama saa nne angani. Gari unaendesha kushoto kama nyumbani. Julai ni kipupwe chao, na huku kusini milimani baridi inauma asubuhi. Mtu asidanganywe na neno tropiki akaja na fulana tupu. Kipindi cha vimbunga, kuanzia Novemba mpaka kama Aprili, tope huwa ni zaidi lakini waya unaweza kufungwa wakati wowote upepo ukikasirika.

Tulipokuwa njiani kwenda Savanne tulisimama kwenye duka la kijijini kutafuta chai. Mama muuzaji alitutolea vimkate vitamu vyenye nazi ndani. Nikamuuliza vinaitwaje. Makatia, akasema. Mpwa wangu na mimi tukatazamana. Tuliondoka na mfuko mzima, na kwa kilomita kadhaa tulikuwa tukilitamka neno hilo polepole, kama watu waliomkuta ndugu yao sokoni ugenini na hawajui waanze wapi kumsalimia.

Sasa turudi kwenye tope.

Kwadi haina klachi wala haibadilishwi gia, angalau zile za kukodisha. Mafuta huongezwa kwa gumba la mkono wa kulia, kwa kusukuma kijiti kidogo kando ya mshikio; hukunji kiganja kama kwenye bodaboda. Jambo hilo dogo lina busara yake, maana mtu anayerushwarushwa kwenye mashimo hukaza viganja bila kujua, na kama mafuta yangekuwa kiganjani angejikuta amefyatuka kama mshale. Kupanda mlima unainama mbele mpaka kidevu kikaribie usukani. Kuteremka unarudisha makalio nyuma ya kiti. Kwenye kona unalaza mwili wako upande wa ndani, kwa sababu chombo chenyewe hakilali. Kinabaki kimejikalia kama meza, na meza ikinyanyuliwa miguu ya upande mmoja hupinduka. Ndiyo maana hata matairi yenyewe ni manne. Wazee wa vyombo hivi, zile Honda za mwaka 1970, zilikuwa na matairi matatu tu, manene kama maputo, na zilipindua watu wengi mno. Marekani wauzaji walikubali kuacha kuziuza mwaka 1988. Nilimsimulia mpwa wangu habari hizi wakati tunafunga helmeti. Akaniambia, kwa adabu zote, kwamba angependa kuzisikia jioni.

Tulikuwa wanane, kiongozi mmoja mbele na mwingine nyuma, kama msafara wa siafu. Dakika za mwanzo ni za kuogopa. Gumba linasukuma kwa woga, injini inaguna, chombo kinakwenda kwa kurukaruka kama punda asiyetaka mzigo. Neno la kiongozi lilikuwa moja, dousman, dousman, yaani pole pole, na alilisema huku mwenyewe akikata kona kwa mwendo ambao si pole pole hata kidogo. Baadaye mwili ukaelewa. Kuna saa ambapo unaacha kupigana na usukani. Unauacha utikisike kidogo viganjani, miguu inakuwa springi, na jiwe ulilokuwa ukiliona adui linageuka ngazi.

Kile ambacho sikutarajia ni harufu. Ndani ya gari ungeona miwa. Kwenye kwadi unaivuta puani: majani mabichi yenye umande, udongo mwekundu wa volkano uliolowa, na kwa mbali, upepo ukigeuka, moshi mtamu wa kiwanda, maana mavuno ya miwa kule huanza Juni na kwenda hadi Desemba. Tulikuwa tukipita kati ya kuta mbili za miwa mirefu kuliko sisi, mingine ikiwa bado na manyoya yake ya maua, rangi kati ya fedha na waridi. Njia tuliyoikanyaga haikuchongwa kwa ajili ya watalii. Ilikuwa njia ya shamba, ya mikokoteni zamani na matrekta baadaye, na mifereji yake ya kutolea maji ndiyo iliyokuwa ikinirusha kitini.

Hapa ndipo kisiwa kinapoanza kumweleza mtu habari zake bila kuulizwa. Miwa ililetwa na Waholanzi kutoka Java mwaka 1639. Gavana wao, Adriaan van der Stel, alileta pia kulungu wa huko huko Java, kwa ajili ya nyama. Waholanzi wenyewe walishindwa na kisiwa wakaondoka mwaka 1710, wakiwa wamemmaliza yule ndege dodo. Wafaransa wakaja, kisha Waingereza mwaka 1810. Lakini miwa na kulungu hawakwenda popote. Baadaye miwa ikaja kukishika kisiwa karibu chote. Halafu, kuanzia mwaka 2006, Umoja wa Ulaya uliamua kuipunguza kwa asilimia 36 bei ya sukari uliyokuwa ukiihakikisha, na mwaka 2009 ule mkataba wa zamani wa kisiwa kuiuzia Ulaya sukari ukafikia mwisho wake. Wenye mashamba wakawa na njia za matrekta, vilima visivyolimika, makorongo, na kulungu. Nini cha kufanya na mali ya namna hiyo? Mpe mgeni chombo cha matairi manne apite kwenye zile njia, na pale ambapo njia imekatwa na korongo, mfungie waya.

Kwa hiyo michezo hii miwili, ambayo kwenye matangazo inaonekana kama imechanganywa kwa bahati, kumbe imezaliwa na shamba moja. Kwadi inakula pale muwa ulipopita, waya unakula pale muwa uliposhindwa.

Katikati ya mashamba kuna marundo ya mawe meusi, mengine marefu kama nyumba ya ghorofa moja, yamepangwa kwa ngazi, kingo zake zimenyooka. Mara ya kwanza nilidhani ni makaburi ya wakubwa fulani. Kiongozi alizima injini akatueleza. Ardhi ile yote ilikuwa imejaa mawe ya volkano. Kabla ya kupanda muwa mmoja ilibidi jiwe litolewe, na baada ya mvua kubwa mengine yakachomoza. Waliokuwa wakiyatoa walikuwa watumwa, na baada ya utumwa kufutwa tarehe 1 Februari 1835, Wahindi wa mkataba. Karibu watu nusu milioni waliletwa kwa mkataba kupitia bandari ya Port Louis, kuanzia mwaka 1834 hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mawe yaliyopangwa vile, kwa mkono, moja juu ya jingine, hayakuwa na faida yoyote zaidi ya kutoka njiani. Injini zikiwa zimezimwa ulisikia miwa ikisuguana.

Tukawasha tena. Ikaja sehemu ambayo mpwa wangu alikuwa akiisubiri tangu Nairobi: mto. Si mto wa kutisha, maji yalifika nusu ya tairi, lakini yalikuwa yakikimbia juu ya mawe ya mviringo yenye ukungu wa kijani. Sheria ya hapo ni moja. Usiachie mafuta katikati. Gumba libaki limetulia pale pale lilipo, si zaidi si pungufu, ili moshi uendelee kutoka na maji yasipate upenyo wa kuingia kwenye ekzosi. Nilivuka nikiwa nimefumba mdomo na kufumbua macho, na nilipoibuka ng'ambo nilikuta nimelowa mpaka kwenye mfuko wa shati wenye miwani ya kusomea. Binti alivuka, akageuka, akavuka tena, akaitwa na kiongozi kwa ukali, akavuka mara ya tatu kurudi upande wetu. Sikumkemea. Nilikuwa namwonea wivu.

Kwenye kivuli cha ng'ambo kulikuwa na vichaka vya mapera ya Kichina, mapera madogo mekundu yanayotoshana na gololi kubwa. Wenyeji huyala na chumvi na pilipili, na kiongozi alikuwa na kikaratasi chake tayari mfukoni, kama mtoto wa Mikindani na embe bichi. Ni matamu yenye uchachu, mbegu tele. Kumbe ni janga pia: mti huo umevamia misitu na kuunyang'anya nafasi mpingo wa asili wa kisiwa, na msitu wa asili uliobaki Morisi nzima hauzidi asilimia mbili. "Kula sana," kiongozi akatuambia. "Unasaidia." Ni mara chache ulafi wangu umepata cheo cha uhifadhi.

Nitasema jambo moja baya kuhusu kwadi, maana sifa bila kasoro ni tangazo. Zina kelele. Injini nane zikipita, hakuna ndege anayekaa, na mtu anayetaka kumwona kipanga wa Morisi, yule aliyebaki wanne tu porini mwaka 1974 kabla ya kuokolewa, asimtafute hapo. Njia zetu zilibaki ndani ya shamba, ambalo lilishavurugwa zamani, na hapo sina ugomvi. Kule kwenye hifadhi ya taifa ya makorongo ya Black River, iliyotangazwa mwaka 1994, unakwenda kwa miguu yako, na ni sawa kabisa.

Tulioshwa kwa mpira wa maji kama magari. Nikavaa viatu vikavu (beba viatu vikavu, hili ndilo shauri langu lenye thamani kuliko yote), tukanywa chai, tukafungwa mikanda.

Mikanda ya waya hupita kiunoni na kuyakumba mapaja yote mawili, na ukiisha kukazwa mwanamume mzima hutembea kama bata. Kifuani unaning'inizwa kapi. Nilipoliona nilitabasamu, kwa sababu nimekulia karibu na bandari ya majahazi, na kapi ni kapi: gurudumu lenye mfereji, linapita juu ya kamba, zito linakuwa jepesi. Hili lilikuwa na magurudumu mawili ya chuma mfululizo, na badala ya tanga lilikuwa linibebe mimi. Mkono mmoja unavishwa glavu nene ya ngozi. Hiyo ndiyo breki. Unaiweka juu ya waya nyuma ya kapi, kamwe si mbele, na unaposogelea jukwaa unaikandamiza. Ukiiweka mbele kapi litakupanda vidole. Onyo lilikuwa linafanana na lile la mguu asubuhi, nikaapa safari hii nitalishika.

Watu wamekuwa wakivuka hivi kwa shida kabla ya kuvuka kwa raha. Kwenye bonde la mto Nujiang, mkoa wa Yunnan nchini China, wanakijiji kwa vizazi walivuka mto kwa kamba na baadaye kwa waya, na mbuzi wao wa kuuza wamefungwa nao kifuani. Na huko Kosta Rika, miaka ya 1970, mwanabiolojia Mmarekani Donald Perry alijifungia kamba na kupanda kwenye vilele vya miti ili kuchungulia viumbe ambavyo hakuna mtu wa chini aliyewahi kuvichunguza vizuri. Baada ya wachunguzi wakaja wauza tiketi. Ndivyo dunia inavyokwenda, na safari hii nilifurahi kwamba imekwenda hivyo.

Nyaya zilikuwa kadhaa, kutoka jukwaa hadi jukwaa, fupi kwanza. Kati ya majukwaa kuna madaraja ya kamba na mbao ambayo, nakiri, yalinitisha kuliko waya. Daraja linakutaka utembee mwenyewe, hatua kwa hatua, huku ukiona chini. Waya unakutaka jambo moja tu: ukae, kama mtu anayekaa kwenye kiti kisichokuwepo, uinue miguu, uache.

Ule wa kwanza uliisha kabla sijapumua. Wa pili nikafungua macho. Wa tatu mpwa wangu alikwama. Waya haunyooki kama rula; hulegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo nusu ya kwanza unateremka na nusu ya pili ule mwendo uliouchuma ndio unaokupandisha. Mtu mwembamba upepo humla mwendo. Binti alifika hatua chache kabla ya jukwaa, akapunguza, akasimama, akaanza kurudi nyuma taratibu huku akicheka, mpaka akatulia katikati ya korongo kama tunda. Ikabidi ageuke, aupe uso waya, na kujivuta mkono kwa mkono. Alipofika mikono ikimtetemeka nilimkumbusha kwamba kwa miaka mingi amekuwa akinisema kuhusu kitambi. Mimi nilifika kila jukwaa kwa kishindo.

Kisha ukaja waya mrefu, unaokatiza bonde lote.

Nataka kueleza dakika ile vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike. Unapoachia, sauti ya kwanza ni ya kapi: mlio mwembamba unaopanda juu zaidi kadiri unavyokwenda, kama birika linalokaribia kuchemka. Majani ya miti yanakupita karibu, halafu hakuna majani tena, yameondolewa chini yako kama mkeka, na tumbo linabaki nyuma kidogo kabla ya kukufuata. Upepo una baridi. Macho yanatoa machozi. Na halafu, katikati, kuna utulivu wa ajabu, kwa sababu huna la kufanya. Asubuhi nzima nilikuwa na kazi: gumba, makalio, kona, mguu usishuke. Hapa kazi ilikuwa imekwisha.

Chini yangu kulikuwa na ndege mweupe mwenye mkia mrefu kama uzi, yule aliyechorwa kwenye ndege za shirika lao la taifa. Alikuwa akizunguka korongoni bila kupiga bawa. Nilikuwa nikimtazama mgongo. Miaka yote hii nimewaona ndege matumbo.

Na nje ya korongo niliiona asubuhi yangu yote. Ile njia iliyokuwa imenichukua saa mbili ya kurushwarushwa ilikuwa uzi mwekundu uliotupwa ovyo kwenye kijani. Mto ulioniloesha miwani ulikuwa mng'ao mdogo mahali pamoja. Kulungu, watano au sita, walikuwa wamesimama kwenye uwazi wa nyasi, wa kahawia, pembe za matawi, wajukuu wa wale wa 1639, na hawakujali. Zaidi ya hapo miwa ikashuka mpaka pwani, na pwani ya kusini haina utulivu wa zile picha za fungate. Kuna mahali, karibu na Souillac, ambapo mwamba wa matumbawe unaokizunguka kisiwa umekatika na bahari inakuja moja kwa moja kuupiga ukuta mweusi. Kutoka juu mapovu yake yalionekana yamesimama.

Na yale marundo ya mawe. Ukiwa chini unaliona moja, labda mawili. Kutoka kwenye waya niliyaona yamesambaa kwenye kila shamba mpaka upeo wa macho, meusi, yamenyooka, mengi kuliko nyumba za vijiji.

Sisi wa pwani tunapaswa kuyatazama kwa jicho la pekee. Mwaka 1776, kisiwa hiki kikiwa bado kinaitwa Île de France, mfanyabiashara Mfaransa jina lake Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja. Wengine wengi walitoka Msumbiji na Madagaska. Nimekwenda Kilwa Kisiwani mara nyingi, nimeuona msikiti na magofu, nikapigwa picha, na hakuna siku niliyojiuliza watu 1,000 walipelekwa kufanya nini hasa, kwa mikono, kila siku. Jibu lilikuwa limepangwa chini yangu.

Kapi likaanza kuguna. Jukwaa likawa linakuja. Nilikandamiza glavu nyuma, mahali pake. Ngozi ilitoa harufu ya kuungua.

Mtu akiniuliza afanye lipi kwanza, sitasita. Tope kwanza. Wapo wanaouza safari kwa mpangilio wa pili, waya asubuhi hali ya hewa ikiwa imetulia, na wana sababu zao. Lakini anayeanza na waya anaona ramani ya nchi asiyoijua. Anaona kijani, anasema nzuri, basi. Anayeanza na tope anapofika juu kila kitu anakitambua kwa mwili: pale nilipanda nikiinama, pale niliacha kiatu. Na tena asilipe tu kwa sababu picha ni nzuri. Michezo hii si bei ya daladala, na mwisho kabisa wanakuonyesha picha zako kwenye kompyuta na kukutaka ununue, jambo ambalo sijawahi kulipenda popote. Nilinunua moja. Ni ile ya kiatu.

Chakula cha mchana kilikuwa kari ya kulungu, na wali, na dengu, na mboga ya majani ambayo niliitambua kwa ulimi kabla ya macho: mlonge. Pilipili iliwekwa kando kwenye kibakuli, na mpishi alisimama kuona kama Waafrika wa bara tutaiweza. Mpwa wangu aliongeza mara mbili bila kubadili uso. Heshima ya Tanga ikalindwa.

Kesho yake tulikwenda magharibi, Le Morne, ule mlima wa mwamba wenye mita 556 unaosimama peke yake juu ya bahari. Hapo hakuna injini na hakuna waya. Watumwa watoro walijificha juu yake, na UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008 kwa ajili yao. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1835 askari walipanda kuwapelekea habari ya uhuru. Wale wa juu walipowaona wakadhani wamekuja kuwakamata, wakajirusha.

Binti, ambaye hakuwa amenyamaza tangu uwanja wa ndege, alisimama chini ya ule ukuta akiutazama. Kilichokuwa kikisikika ni kite tu cha miti.

"Twende, Mjomba," akasema baadaye.

Njia ya mwanzo ni pana. Ya juu inataka mikono. Gumba langu la kulia lilikuwa limevimba kwa kusukuma mafuta jana yake, kwa hiyo kila jiwe nililishika kwa vidole vinne.